Kimeingia kwa meli, kitatokaje? Biashara za Kiuyu na hesabu ya taka

Katoni ya maji ya chupa haitengenezwi Kiuyu. Imevuka bahari, imeshushwa bandarini, ikapandishwa gari, ikafika dukani. Kila hatua kuna mtu kalipwa. Mteja akimaliza maji, chupa tupu inabaki hapo hapo kijijini, na sasa hakuna anayelipwa kuirudisha.

Hapo ndipo tatizo la taka za biashara Pemba linapoanza. Wengi hulizungumza kama suala la usafi tu: fagia, zoa, choma. Usafi unahitajika, hakuna anayebisha. Lakini kwa mwenye duka, mkahawa, banda la samaki au karakana, taka ni suala la nauli. Kitu chenye mtu wa kukilipia nauli ya kutoka kinageuka mali. Kisicho naye kinabaki, kinachomwa, kinafukiwa au kinaangukia baharini.

Kiuyu ipi?

Mpemba akisikia jina hilo huuliza hivyo kwanza. Kiuyu Minungwini iko wilaya ya Wete, nchi ya mashamba. Kiuyu Mbuyuni iko wilaya ya Micheweni, kaskazini mashariki ya kisiwa, kwa wavuvi na wakulima wa mwani.

Kwa habari ya taka, tofauti hiyo ina uzito. Upande wa Micheweni sehemu kubwa ni ardhi ya mawe ya matumbawe. Udongo ni haba na jiwe lenyewe lina matundu. Maji ya mvua hupita humo haraka bila kuchujwa vizuri, yakateremka mpaka kwenye maji ya visima. Oili chafu iliyomwagwa nyuma ya karakana, au shimo la taka lililochimbwa upande wa juu wa kisima, halibaki pale lilipo. Masika yakifika, uchafu wake unatembea.

Kisichoteremka chini kinakwenda baharini, kwenye mikoko na mashamba ya mwani. Mwenye duka anayetupa, mvuvi anayenunua kwake na mama wa mwani anayekopa sukari kwake wote wanakuja kukutana tena na taka ileile.

Hesabu ya kisiwa

Kwa sensa ya 2022, Pemba ina watu zaidi ya 540,000. Bidhaa nyingi za viwandani wanazotumia huingia kwa meli na majahazi. Wanunuzi wakubwa wa plastiki na chuma chakavu wako ng'ambo ya maji, hasa Dar es Salaam. Mjini kuna mabaraza na magari ya taka. Kijijini kazi hiyo mara nyingi humwangukia mwenye taka mwenyewe.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilitoa ripoti kuhusu taka barani Afrika mwaka 2018. Ndani yake kuna tarakimu mbili ambazo mfanyabiashara yeyote anaweza kuzitumia. Ya kwanza: kusini mwa Jangwa la Sahara, wastani wa asilimia 57 ya taka ni vitu vinavyooza. Ya pili: taka zinazorejelezwa Afrika ni kiasi cha asilimia 4 tu.

Ukiziweka pamoja, zaidi ya nusu ya taka haihitaji meli wala kiwanda. Inahitaji kutochanganywa na ile nusu nyingine. Maganda ya ndizi yakikaa peke yake ni mbolea. Yakikaa na pampasi na vifuko vya juisi ni jaa.

Somo liko kwenye konyo

Pemba haihitaji mtaalamu wa kuja kuieleza namna ya kugeuza mabaki kuwa pesa. Msimu wa karafuu ukiingia, familia hukaa jioni kuchambua. Karafuu huku, makonyo kule. Konyo ni kile kijiti kinachobaki, kitu ambacho kwa hesabu ya haraka kingetupwa. Lakini halitupwi. Huanikwa, hukaushwa, huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), na kwenye kiwanda cha Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, hukamuliwa mafuta. Mafuta hayo yana eujenoli, kemikali inayotumika kwenye dawa za meno, manukato na viungo vya chakula.

Kwa nini konyo lina soko na chupa ya plastiki haina? Konyo linatengwa siku ile ile, mikononi mwa mwenye mali, kabla halijachafuka. Linakaushwa, kwa hiyo halibebeshi mtu maji. Linakusanywa kwa magunia, si kwa viganja. Na mnunuzi wake anajulikana, tena yuko ndani ya kisiwa. Chupa inakosa yote hayo. Imetupwa na uchafu ndani, imejaa hewa, imetawanyika barabarani, na mnunuzi yuko mbali.

Mfanyabiashara hawezi kumhamisha mnunuzi kutoka Dar es Salaam. Yale mengine matatu yako mikononi mwake.

Makumbi ya nazi yana historia kama hiyo. Kwa karne nyingi wanawake wa pwani wameyafukia ufukweni kwa miezi, wakayafukua, wakayaponda, wakapata usumba wa kusuka kamba. Vifuu vikaingia jikoni kama kuni. Nazi ikatumika mpaka ikaisha. Kamba ya naili ilipokuja kwa bei rahisi ilikuja na nguvu, kweli, lakini ilikuja pia na mabaki yasiyooza.

Mkahawa: pipa mbili badala ya moja

Kwa mama ntilie, mwenye mkahawa na muuza samaki, hatua ya kwanza ni ndogo kiasi cha kuchekesha: pipa mbili. Moja ya kinachooza, moja ya kisichooza. Ndoo za rangi zilizokwisha zinatosha. Ya kinachooza iwe na mfuniko, maana nzi hawangoji.

Maganda ya viazi, muhogo, ndizi na mabaki ya mboga kwanza yaulizwe kwa mwenye mbuzi au ng'ombe. Kwa kawaida jirani yupo, na atakuja kuchukua mwenyewe akijua ndani hamna kijiti cha meno wala kipande cha plastiki. Mbuzi akila plastiki inakaa tumboni mpaka inamuua. Ndiyo maana mfugaji akikuta uchafu mara mbili, mara ya tatu haji.

Yanayobaki yanakuwa mboji. Njia ni hii: weka majani makavu chini, mwaga mabaki mabichi, funika tena na majani makavu, ukikisia ndoo mbili au tatu za makavu kwa kila ndoo moja ya mabichi. Nyunyiza maji kidogo kama ni kukavu. Geuza kwa koleo kila baada ya wiki moja au mbili. Kwa joto la pwani, ndani ya miezi miwili mitatu unapata udongo mweusi usionuka. Lundo likinuka, mabichi yamezidi, ongeza majani makavu na uligeuze. Mafuta ya kukaangia, mifupa na nyama visiingie humo, vinaita panya na paka.

Matumbo na magamba ya samaki ni habari nyingine. Yakiachwa juu ya ardhi yanaleta nzi na harufu, na Zanzibar inakumbuka mlipuko wa kipindupindu wa 2015 na 2016. Yafukiwe siku ile ile, kina cha mkono mzima, kwenye shina la mgomba au mnazi, mbali na kisima. Kwenye ardhi ya jiwe, ambako udongo wenyewe ni wa kutafuta, mtu anayetupa mboji ni kama anatupa shamba.

Chupa: unasafirisha hewa

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe.

Chukua duka linalouza katoni tatu za maji kwa siku, chupa 12 kila moja. Hiyo ni chupa 36 kwa siku, zaidi ya 1,000 kwa mwezi, zaidi ya 13,000 kwa mwaka, kutoka duka moja. Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa gramu 10 hadi 15 hivi. Maana yake chupa 1,000 zina kilo 10 hadi 15 tu, na plastiki chakavu huuzwa kwa kilo. Chupa hizo zisipominywa zinajaza magunia kadhaa. Anayezipakia garini anasafirisha hewa, na nauli ya hewa haina wa kuilipa.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya chupa haiko jaani, iko kwenye oda. Hapa wauza soda wa zamani walikuwa mbele. Mtindo wa kreti na chupa tupu ndio huo wataalamu wanaouita uchumi rejeshi: hupati soda mpya kama huna chupa ya kurudisha, au uache pesa ya chupa. Hakuna mtoto aliyekuwa anaitupa chupa ya kioo, maana ilikuwa pesa. Chupa ya plastiki ilipoingia, ikaonekana ni unafuu kwa mteja na kwa muuzaji. Unafuu huo kijiji ndicho kinaulipia.

Duka linaloweza kurudi nyuma hatua moja lifanye hivyo. Soda ya kioo iendelee kuwepo, tena iwekwe mbele ya friji. Maji ya kunywa mkahawani yauzwe kwa gilasi kutoka dumu kubwa la kujazwa upya, lile la lita 18 na ushee. Dumu moja la namna hiyo linachukua nafasi ya chupa zaidi ya 35 za nusu lita, na dumu lenyewe linarudi kujazwa.

Kwa chupa ambazo lazima ziuzwe, rudi kwenye somo la konyo. Zitengwe mapema, zisisubiri kuokotwa. Polo moja litundikwe ukutani pa duka, chupa zikamuliwe maji, ziminywe kwa mguu, kifuniko kirudishwe ili zisivimbe tena. Ukishaminya, polo moja linabeba mara kadhaa ya lilivyokuwa linabeba.

Halafu kuna gari. Gari linaloleta mzigo Kiuyu linashusha, kisha linarudi Chake, Wete au Mkoani halina kitu nyuma. Nauli yake imeshalipwa na ule mzigo ulioletwa. Duka moja lenye polo moja halina la kumwambia dereva. Maduka kumi yenye polo kumi, yaliyokubaliana na sheha mahali pa kuziweka na siku ya kuzipakia, yana la kusema, hata kwa mnunuzi wa chakavu. Si biashara ya kumtajirisha mtu. Ikifidia gharama yake yenyewe, imefanya kazi.

Unguja wamekwenda mbele kidogo kwa sababu hoteli ni nyingi na zimekaribiana. Kampuni kama Zanrec zimekuwa zikikusanya taka za mahoteli, na Chako hugeuza chupa za mvinyo na bia kuwa taa, gilasi na mapambo ya kuuzia watalii. Mbinu hizo ni nzuri, ila zinasimama juu ya wingi wa taka za aina moja na mteja aliye jirani. Kuzichukua zilivyo na kuzipeleka kijiji kisicho na hoteli ni kujidanganya.

Kuna pia jahazi la FlipFlopi, lililoundwa Lamu kwa tani 10 za plastiki na kuvalishwa rangi za ndala 30,000 zilizookotwa, likasafiri kilomita 500 mpaka Zanzibar mapema mwaka 2019. Lilifungua macho ya watu wengi. Lakini ndala 30,000 kutoka fukwe ni ushahidi zaidi wa ukubwa wa tatizo kuliko wa dawa yake.

Mwani una taka yake

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mazao. Wakulima wengi ni wanawake. Ni biashara inayoonekana haina uchafu: mbegu, bahari, jua. Ukitembea ufukweni maji yakiwa yametoka, utaona vingine. Vipande vya kamba za naili, na taitai, zile kamba nyembamba za plastiki za kufungia mbegu, zimekatika na kujikunja kwenye mchanga na kwenye mizizi ya mikoko.

Taitai moja ni kitu kidogo mno. Shamba moja lina mamia kwa maelfu yake. Kamba kuukuu baharini hukatikakatika kuwa chembe zisizookoteka, na kabla ya hapo inanasa wanyama wa baharini na mapanga ya boti.

Mkulima anaweza kuzuia sehemu ya hasara hii bila gharama. Taitai ifunguliwe badala ya kukatwa, itumike tena msimu ujao. Kila anayeshuka shambani ashuke na kifuko cha ukili kiunoni cha kutilia vipande vilivyokatika. Kamba zilizozeeka zikusanywe pamoja kwenye banda la kuanikia mwani, si nyumbani kwa kila mtu, kwa sababu zikiwa nyingi ndipo mtu anaweza kuulizwa azichukue.

Mtu gani? Kwa miaka mingi kampuni zinazonunua mwani ndizo zimekuwa zikiwapatia wakulima kamba na taitai. Gari likija na kamba mpya na kuondoka na mwani, linaweza kuondoka pia na kamba kuukuu. Vyama vya ushirika vina nguvu ya kuliweka sharti hilo mezani wakati wa kupanga bei. Kenya imeshalifanya jambo la namna hii kuwa sheria: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka anayeingiza bidhaa sokoni awajibike na taka yake pia. Mkulima wa Kiuyu si haki abebe peke yake mzigo wa plastiki ambayo hakuichagua.

Karakana na oili chafu

Fundi pikipiki anamwaga oili kila siku. EPA, shirika la mazingira la Marekani, hutoa tahadhari kwamba oili ya badiliko moja la gari inaweza kuharibu maji safi mara milioni ya ujazo wake. Kwenye ardhi yenye matundu, hiyo si tahadhari ya kupuuza. Oili itiwe kwenye dumu lenye kifuniko, juu ya sakafu ya saruji au bati, isichanganywe na petroli wala maji. Seremala na waezekaji huitaka kwa kupaka mbao dhidi ya mchwa. Betri kuukuu zina risasi na zina mnunuzi, basi ziuzwe nzima. Kuzipasua ili kumwaga asidi ni hatari kwa fundi na kwa kisima cha jirani.

Kuchoma, kufukia

Mtu anayechoma taka jioni si mjinga. Anaona zimeondoka. Lakini plastiki haiondoki, inageuka moshi, na mabomba na nyaya za PVC zikiungua hutoa dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka. Moshi huo unaingia kwenye chakula kinachopikwa mlango wa pili. Kama kuna cha kuchomwa, kiwe karatasi na maboksi, na hata hayo maboksi mkulima wa mboga angeyataka kufunika udongo usikauke.

Sheria ipo. Zanzibar ilianza kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka mingi kabla ya Tanzania Bara, ambayo marufuku yake ilianza Juni 1, 2019. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya 2015 ikaunda mamlaka, ZEMA, ya kusimamia. Mifuko mikubwa imepungua, hilo linaonekana. Lakini vifuko vidogo vya kufungia karanga, ubuyu na barafu vimebaki mikononi mwa watoto, na hivyo havirudi popote. Karanga kwenye kikaratasi na samaki kwenye pakacha si mambo ya zamani yaliyopitwa. Pakacha likichoka unalitupa shambani na linaoza.

Na pampasi? Hapo hakuna jibu zuri bado. Hazina mnunuzi, haziozi upesi, na nguruwe wa mwituni, mbwa na mawimbi huzitawanya. Duka linaloziuza linaweza kuweka vitambaa vya nepi karibu nazo kwa anayetaka kupunguza matumizi. Zinazobaki ziingie kwenye shimo moja la shehia lililochaguliwa kwa makini, kwenye udongo mzito na si juu ya jiwe, upande wa chini wa visima, mbali na njia ya maji ya mvua, likiwa na uzio na udongo wa kufukia kila wiki. Wakati mzuri wa kulitafuta eneo hilo ni sasa, kabla ya masika, huku sheha, watu wa halmashauri na wenye maduka wakitembea pamoja kuangalia maji yanapita wapi.